Sabuni haikazi ngozi, na bado naitengeneza mwenyewe

Nilipopungua kilo 20 za kwanza, kila aliyeniona alisifia uso na kiuno. Bafuni mambo yalikuwa mengine. Tumbo lilikuwa linaning'inia kama mfuko uliomwagwa vitu, na chini yake kulikuwa na mkunjo wenye unyevu, umepiga weusi, unawasha. Mapaja yalichubuka kwa kusuguana. Mikononi nikijikuna kidogo tu, ukucha unaacha mstari mweupe.

Nikaanza kutafuta sabuni, na ahadi zikanipokea kwa mikono miwili: sabuni ya kukaza ngozi, sabuni ya kuyeyusha mafuta ya tumbo, ya kahawa, ya manjano, ya mwani. Nilizinunua na kuzitumia kwa bidii, asubuhi na jioni. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu mtu aliyetoka jasho miezi na miezi kupunguza mwili ndiye mwepesi zaidi kuuziwa tumaini.

Niseme wazi basi. Mafuta ya mwili yamelala chini ya ngozi, mahali ambapo povu halifiki. Sabuni inakaa juu ya ngozi dakika moja au mbili, kisha inakwenda na maji. Ngozi inalegea kwa sababu nyuzi zake za kolajeni na elastini zimevutwa kwa muda mrefu hadi zikapoteza uwezo wa kurudi. Umri, jua na sigara huzidisha. Kupungua taratibu kunasaidia, kula protini ya kutosha kunasaidia, na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hujaza misuli chini ya ngozi hiyo. Kwa aliyepungua sana, kuna ngozi ambayo hairudi ila kwa upasuaji. Ningependa kuwaambia vingine, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kwa nini najisumbua na masufuria? Kwa sababu ngozi iliyolegea bado ni ngozi, na inahitaji kuoshwa bila kuumizwa. Sabuni ya kutengeneza nyumbani inabaki na gliserini yake yote, ile inayoshika unyevu kwenye ngozi, ambayo viwandani mara nyingi huondolewa ikauzwa kwa kazi nyingine. Tena mimi ndiye ninayeamua mafuta kiasi gani yabaki bila kugeuka sabuni.

Mchanganyiko wangu ni huu: gramu 700 za mafuta ya zeituni na gramu 300 za mafuta ya nazi. Nazi ndiyo inayotoa povu, ila ikizidi inakausha. Kila gramu ya zeituni hula takriban gramu 0.134 za kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na ya nazi 0.183, kwa hiyo jumla inakuja kama gramu 149. Napunguza asilimia 5, natumia 141 katika gramu 300 za maji. Hiyo asilimia 5 ndiyo roho ya sabuni yangu: mafuta yaliyokosa kostiki yanabaki ndani ya kipande na kuilainisha ngozi. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya, na upime kwa mizani, usikadirie kwa kikombe.

Kostiki haina utani. Inaunguza. Navaa glavu na miwani, nafungua madirisha, watoto hawaingii. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, maana yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia. Chombo cha aluminiamu usikiguse kabisa, kwani kostiki inakila. Ikikudondokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usikimbilie siki.

Maji yenye kostiki yakipoa kiasi, nayamimina kwenye mafuta na kukoroga. Mwanzoni unaona kimiminika cha kijani kilichopauka, chepesi, kinachotaka kujitenga. Halafu kinaanza kufifia, kinakuwa kama maziwa, na mwiko unazidi kuwa mzito mkononi. Ninachongoja ni kitu kimoja: nikiunyanyua mwiko, tone likianguka linaacha alama juu badala ya kuzama. Hapo ni kumimina kwenye kalibu. Kesho yake au keshokutwa nakata vipande, navipanga vipitiwe na hewa wiki 4 hadi 6. Usiharakishe hapa, sabuni changa ni kali na inayeyuka upesi.

Sitii manukato wala maji ya limau. Kwenye mkunjo uliochubuka manukato yanachonyota, na limau likikutana na kostiki linageuka kitu kingine kabisa na kuharibu hesabu.

Hata hivyo, sabuni yoyote ya kweli, yangu ikiwemo, ina pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) ya 9 hadi 10, wakati ngozi inapenda kukaa karibu na 5. Mwenye ukurutu, au ngozi iliyokauka mpaka inapasuka, huenda akafaidika zaidi na kiosheo kisicho sabuni. Na mkunjo ukiwa na vipele vinavyosambaa, harufu kali au majimaji, hayo huenda ni maambukizi, mara nyingi fangasi. Yanataka dawa na mtaalamu wa afya. Msiyaoshe tu kwa wiki nzima mkingoja yapone, kama nilivyofanya mimi.

Siku hizi nikioga nainua tumbo kwa mkono mmoja, napitisha povu kwa vidole bila dodoki, nasuuza mpaka utelezi uishe. Kisha nakausha kwa kugandamiza taulo polepole, bila kusugua, hadi ndani kabisa ya mkunjo, na mapajani napaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka kutembea. Ngozi imelegea vilevile. Weusi umepungua, na jasho likiingia hapo njiani halinichomi tena, kwa hiyo natembea mpaka mwisho wa safari yangu.