Bahasha ya Kura ya Carouge Usiitupe

Juzi kwenye harusi ya mwenzetu hapa Geneva, kaka mmoja mkazi wa miaka mingi wa Carouge, manispaa jirani na mji wa Geneva, Uswisi, alisema bahasha ya kura za manispaa inayomfikia kwa posta huwa anaitupa bila kuifungua. "Siasa za kijiji chao zinanihusu nini?" Karibu meza nzima ikamuunga mkono. Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha.

Kijiji chao nani? Carouge ilijengwa kwa ajili ya watu wa kuja. Mkataba wa Turin wa 1754 ulikiacha kitongoji hiki cha ng'ambo ya mto Arve mikononi mwa mfalme wa Sardinia, naye akataka hapo mji wa kushindana na Geneva. Wasanifu wakatoka Turin, mji mkuu wake. Ndiyo maana hata leo nyumba za zamani ni za ghorofa mbili tatu tu, na bustani zimejificha nyuma. Mwaka 1786 ukapewa hadhi ya mji wa kifalme. Mji unataka watu, basi mfalme Mkatoliki akawapokea Waprotestanti, akawapokea na Wayahudi, ambao Geneva ya Kiprotestanti, mji wa mhubiri Calvin, haikuwaruhusu kuishi ndani ya kuta zake. Mwaka 1788 Wayahudi wa Carouge wakawa na makaburi yao wenyewe, na bado yapo. Sisi tunaochangishana kila mara kusafirisha maiti hadi Tanga au Mombasa tunajua uzito wa jambo hilo.

Najua, mfalme alitafuta biashara, hakufanya kwa upendo. Na mwaka 1816 Carouge ikakabidhiwa Geneva, wakazi wakabaki walipo.

Turudi kwenye kura. Aprili 2005 wapiga kura wa kantoni (yaani jimbo) ya Geneva walikubali kwamba mgeni aliyeishi Uswisi kihalali miaka 8 apige kura katika manispaa yake. Kuna watu walizunguka mitaani kukusanya sahihi ili jambo hilo lifike kwenye kura, wengi wao wana pasipoti ya Uswisi na hawakuwa na cha kupata. Juni 2024 likaletwa pendekezo la kutuongezea haki, hadi ngazi ya kantoni na kugombea vyeo. Likakataliwa. Waliotukatalia walifungua bahasha zao.

Manispaa haitoi kibali cha kuishi, hilo nakubali, na kodi kubwa ni ya kantoni. Lakini kituo cha kulelea watoto, ambacho dada zetu wanalia kila siku kwamba hakina nafasi, ni jambo la manispaa. Viwanja vya mpira wanavyochezea vijana wetu, vivyo hivyo. Na pale Praille, Acacias na Vernets, viwanda vinapisha maelfu ya nyumba mpya, sehemu yake ikiwa ndani ya Carouge. Nani atakuwa mpangaji humo? Watoto wetu watasoma na kucheza wapi? Utakaa kimya, halafu ulalamike kwenye kundi la WhatsApp?

Uchaguzi wa Machi 2025 umepita, lakini kura ya maoni ya manispaa inaweza kuitishwa kabla ya uchaguzi mwingine. Bahasha ikija, andika tarehe yako ya kuzaliwa kwenye kadi ya kupigia kura, tia sahihi, irudishe. Kama Kifaransa cha maelezo kinakusumbua, njoo nayo Jumamosi sokoni Place du Marché, tukae chini ya ile miti tuisome pamoja.