Mkataba Ndio Wenye Kesi

Chuo kikuu kikitangaza ushirikiano na kampuni ya dawa, kauli huwa ileile: wasomi wameuzwa. Hofu hiyo ina msingi, nitaifikia. Ila wanaoitoa husahau maabara ya chuo inavyohangaika ikiachwa peke yake.

Oxford, mwanzoni mwa 1941. Timu ya mtafiti Howard Florey ilikuwa na penisilini, dawa ya kuua bakteria itokanayo na kuvu, lakini mwenzao Norman Heatley alikuwa ameanza kuotesha kuvu hilo kwenye vyombo vya kujisaidia wagonjwa kitandani, kisha kwenye vyungu vilivyofinyangwa kwa kuiga umbo hilohilo. Februari wakamdunga polisi Albert Alexander, ambaye maambukizi yalikuwa yameshamgharimu jicho moja. Homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilipopungua, wakakinga mkojo wake, wakachuja penisilini iliyomo, wakamdunga tena. Haikutosha. Tarehe 15 Machi akafariki.

Hapo ndipo ningependa wapinzani wakae kidogo. Ugunduzi ulikuwepo, tena ulikuwa unamponya. Kilichokosekana ni matangi ya kuoteshea kuvu kwa wingi. Katikati ya mwaka huo Florey na Heatley walikwenda Marekani kutafuta watu wa kuizalisha kwa wingi, na Machi 1944 Pfizer ikafungua mitambo ya penisilini katika jengo la Brooklyn lililokuwa kiwanda cha barafu. Kampuni hiyo ilikuwa imeshazoea kuchachusha vitu kwa miaka mingi ikitengeneza asidi ya sitriki. Ujuzi wa namna hiyo hukaa zaidi viwandani kuliko vyuoni. Ni nadra mtu kutunukiwa shahada ya uzamivu kwa kuzuia povu lisifurike tangini.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1987 Betty Dong wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alilipwa na kampuni ya Boots alinganishe dawa yake ya tezi ya thairoidi na nyingine, zikiwemo za bei nafuu. Bila shaka Boots ilitarajia ya kwake ishinde. Zikatoka sawa. Mkataba aliousaini ulikuwa na kifungu kwamba matokeo hayachapishwi bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Makala ikaondolewa jaridani Januari 1995, dakika za mwisho, na kuchapishwa Aprili 1997. Miaka yote hiyo wagonjwa waliendelea kulipia jina la dawa tu. Anayeyaona haya na kusema ushirikiano ni hatari, simbishii. Namuuliza tu: kilichomziba Dong mdomo ni pesa ya kampuni, au ni kifungu ambacho chuo kiliacha kipite?

Nauliza hivyo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Chuo hicho ndicho kilichokuwa na hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya d4T, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na leseni ya kuitengeneza ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Bristol-Myers Squibb. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka waliomba nakala za bei nafuu ziruhusiwe Afrika Kusini. Yale ikajibu kwanza kwamba haki hiyo imeshaikabidhi kampuni. Wanafunzi wakapiga kelele, na William Prusoff, mmoja wa wagunduzi wenyewe, akawaunga mkono. Machi ya mwaka huohuo kampuni ikatangaza haitaitumia hataza kuzuia dawa hizo nchini humo. Sharti hilo lingekuwemo kwenye leseni tangu siku ya kusaini, kelele zote hizo zingekuwa za nini?