Niacheni na swapu yangu kwenye SSD

Kila ninapomkabidhi mtu seva mpya, swali la kwanza huwa si nywila wala nakala za akiba. Anafungua /etc/fstab, faili la kuorodhesha diski, anaona mstari wa swapu (sehemu ya diski ambako Linux huhamishia yaliyomo kwenye RAM nafasi ikibana), ananigeukia: "Swapu kwenye SSD? Si utaimaliza hiyo diski?" Hofu ni kwamba SSD, diski ya chipu za flashi, huchakaa kwa kuandikwa. Wengine hata hawaulizi. Wanaandika swapoff -a kuizima, wanautilia ule mstari alama ya # mwanzoni ili usisomwe tena, kisha wanaketi wametulia kama watu waliomtoa mtoto kisimani.

Siwacheki, maana nami nilikuwa huko huko. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na seva yenye RAM ya gigabaiti 16, ndani yake hifadhidata ya PostgreSQL, huduma mbili tatu za wavuti, na kazi moja ya kutengeneza ripoti iliyoamshwa na cron, ratiba ya kazi za kujiendesha, saa nane usiku. SSD ilikuwa mpya, nikaionea huruma, nikazima swapu. Miezi ikapita, nikajiona fundi. Usiku mmoja ripoti ikakuta data imeongezeka kuliko ilivyozoea. Asubuhi nikasoma kwenye dmesg, logi ya kerneli (kiini cha Linux):

Out of memory: Killed process 2317 (postgres)

Hebu angalia aliyeuawa ni nani. Mkosaji ripoti, aliyelipa hifadhidata. Kerneli ikiishiwa kumbukumbu haifanyi upelelezi. Huipa michakato alama, na sehemu kubwa ya alama hizo ni unene, yaani kumbukumbu ambayo mchakato umeishika. Hifadhidata ndiyo iliyokuwa imenenepa. Tena PostgreSQL ikiuliwa mchakato wake mmoja namna hiyo, hukata miunganisho yote na kuanza kujirekebisha, kwa sababu haiwezi tena kuiamini kumbukumbu ambayo michakato yake ilikuwa ikitumia kwa pamoja. Basi kila aliyekuwa ndani akajikuta nje.

Lakini kilichonigeuza mawazo si kile kifo, ni dakika kama ishirini zilizokitangulia. Grafu zilionyesha diski ikisomwa kwa nguvu zake zote, prosesa inangoja, na hakuna ombi linalojibiwa. Inasoma nini, nami swapu nimeizima?

Jibu limo katika namna Linux inavyozipanga kurasa za kumbukumbu, vile vipande vidogo ambavyo RAM hugawanywa. Ziko kurasa zenye asili kwenye faili: msimbo wa programu, maktaba, kache ya data iliyosomwa diskini. Nafasi ikihitajika hizi hutupwa tu, kwani zinaweza kusomwa tena. Na ziko zisizo na faili, zile ambazo programu imeziomba kwa malloc ikazijaza yenyewe. Hizi ukizitupa umeharibu kazi ya mtu, kwa hiyo pa kwenda ni swapu peke yake. Ukiifunga swapu umezipigilia misumari ndani ya RAM, zikiwemo zile ambazo programu ilizijaza siku ilipowaka na haijazigusa tena. Kumbukumbu ikibana, kerneli inabaki na upande mmoja tu wa kupunguza. Inatupa msimbo wa programu zinazoendelea kufanya kazi, sekunde hiyo hiyo msimbo unahitajika, inausoma upya diskini, inautupa tena. Ndivyo seva yangu ilivyosukasuka bila hata baiti moja ya swapu. Tumezoea kuuita msukosuko huu ugonjwa wa swapu, kumbe ni ugonjwa wa RAM isiyotosha, na swapu ni mahali pamoja tu ambapo dalili zake huonekana.

Sasa hesabu ya uchakavu, maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Seli ya flashi huchakaa kwa kufutwa na kuandikwa. Ya SLC, inayobeba biti moja, huhimili mizunguko kama 100,000, ya TLC, yenye biti tatu na iliyojaa kwenye diski za leo, huishia maelfu machache, na ya QLC, yenye biti nne, hukaa chini ya hapo. Ukizisikia namba hizo peke yake utaingiwa na baridi. Lakini kidhibiti kilichomo ndani ya diski huyasambaza maandishi kwenye seli zote, kwa hiyo sehemu yako ya swapu ya gigabaiti 4 haizipigi seli zile zile kila siku hata kama wewe unaiona imekaa mahali pamoja. SSD ya kawaida ya terabaiti 1 yenye seli za TLC mara nyingi huja na dhamana ya kuandikwa terabaiti 600. Seva ikisukuma gigabaiti 20 kwenye swapu kila siku ya Mungu, na hizo ni nyingi kwa seva yenye afya, itahitaji siku 30,000 kuimaliza dhamana hiyo. Zaidi ya miaka 80.

Igeuze upande wa pili. Seva iliyozidiwa kabisa, inayoandika swapu megabaiti 50 kila sekunde bila kupumua, huandika terabaiti 4.3 kwa siku. Dhamana ile ile inakwisha ndani ya siku 140 hivi. Hapo ndipo wenye hofu huniambia, umeona? Nami nawauliza: nani ataiacha seva isukesuke usiku na mchana kwa miezi minne na nusu? Watumiaji watakuwa wameshakujia juu siku ya kwanza, na katika hasara zote utakazopata, SSD ndiyo itakuwa ndogo.

Kadi za SD na vijiti vya USB ni habari nyingine. Vidhibiti vyake ni dhaifu, na huko hata mimi siweki swapu. Nadhani hofu nyingi tunazorithishana zilianzia huko.

Kama kuna cha kuogopa kuhusu swapu kwenye SSD, mimi naogopa wepesi wake. RAM hujibu kwa nanosekunde 100 hivi, SSD ya NVMe (aina yenye kasi) kwa maikrosekunde 100 hivi, hadidiski kwa milisekunde kama 10. Tuseme RAM inajibu baada ya sekunde moja: SSD itakujibu baada ya robo saa na ushei, hadidiski kesho. Enzi za hadidiski, swapu ikianza kazi ulijua. Diski ililia kama inasaga kokoto, ukiingia kutoka mbali kwa SSH ulisubiri hadi ukasahau ulichotaka kufanya, na simu zilianza kuita. Ilikuwa adha, lakini ilikuwa pia kengele. SSD imeifunga kengele hiyo kitambaa.

Nilikuja kurithi seva ambayo aliyenitangulia aliifuata ile kanuni ya kale ya swapu mara mbili ya RAM. RAM ilikuwa gigabaiti 32, akatenga 64. Huduma moja humo ilikuwa inavuja kumbukumbu, gigabaiti mbili hivi kwa siku. Kurasa zilizovuja ziliteremka kwenye swapu moja baada ya nyingine, na kwa kuwa hakuna aliyezihitaji tena, hakuna kilichopungua kasi, hakuna aliyelalamika. Mwezi mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua: siku swapu ilipojaa, seva ilianguka ndani ya dakika chache tu, na kufikia hapo tulikuwa tumeshabadilisha matoleo ya ile programu mara tano. Kutafuta ni toleo lipi lililoleta uvujaji kulituchukua wiki.

Ndiyo maana siku hizi natenga kidogo. Gigabaiti 4 kwa seva ya 32, na hata ya 64 sizidishi. Inatosha kulaza kurasa zisizoguswa, haitoshi kuficha uvujaji wa mwezi. Kanuni ya mara mbili ilikuwa na maana RAM ilipohesabiwa kwa megabaiti.

Wala sishughuliki sana na swapu imejaa kiasi gani. Nafungua vmstat 1, amri inayotoa takwimu za kumbukumbu kila sekunde, na kutazama safu mbili, si na so. (Hiyo "si" haikanushi kitu, ni kinachorudi RAM kutoka kwenye swapu, na so ni kinachotoka kwenda huko.) Swapu imetumika gigabaiti 3 lakini safu zote mbili ni sifuri? Kalale. so imeruka mara moja kisha kimya? Kerneli imefagia. Zote mbili zinacheza kwenye maelfu, sekunde baada ya sekunde? Hapo kurasa zile zile zinatoka na kurudi, na huna RAM ya kutosha kwa kazi uliyoipa seva. Tangu kerneli 4.20 kuna pia faili la /proc/pressure/memory, linaloonyesha asilimia ya muda ambao michakato imekwama ikingoja kumbukumbu. Kengele zangu zote nimezihamishia huko. Ile ya "swapu imefika asilimia 80" niliifuta, ilikuwa inaniamsha bure.

Swappiness, namba inayoiambia kerneli iegemee swapu kiasi gani, nayo hueleweka vibaya. Watu huisoma 60, thamani yake ya kawaida, wakadhani ni kiwango, kwamba RAM ikifika asilimia fulani swapu inaanza. Sivyo. Ni mizani: kuondoa ukurasa usio na faili kuna gharama gani ukilinganisha na kutupa ule wenye faili. Tangu kerneli 5.8 inaweza kupanda hadi 200, kwa ajili ya swapu zenye kasi kama zram, ambayo hubana kurasa na kuziweka humo humo ndani ya RAM bila kuigusa diski. Kwenye SSD mimi huiacha 60 ilivyo. Huduma ambayo sitaki kabisa ichelewe naiwekea MemorySwapMax=0 kwenye faili lake la systemd (kisimamizi cha huduma), badala ya kuzinyima swapu huduma zote kwa sababu ya mmoja mwenye haraka.

Kuna jambo moja la SSD ambalo wenye hofu hawalitaji, nami naliona zito kuliko uchakavu. Swapu huchukua chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu, funguo na nywila zikiwemo. Kwenye hadidiski ungeweza kuandika juu ya eneo lile ukawa umefuta. Kwenye SSD ukiandika juu, kidhibiti hupeleka maandishi mapya kwenye seli nyingine, na ya zamani hubaki mahali fulani yakingoja kufutwa kwa wakati wake. Diski ikitolewa kwenye seva ikapelekwa kwingine, imekwenda nayo. OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, husimba swapu bila kuulizwa. Kwenye Linux ni mstari mmoja wa /etc/crypttab wenye ufunguo wa kubahatisha unaotoka /dev/urandom, unaobadilika kila seva inapowaka. Kama una dakika tano za kuihangaikia swapu yako, zitumie hapo. Na wenye FreeBSD wakumbuke kwamba kwa kawaida kerneli ikianguka humwaga kumbukumbu yake kwenye sehemu ya swapu. Ukiiondoa bila kupanga pengine, siku ya msiba hutakuwa na cha kuchunguza.

Kubernetes, programu ya kusimamia kontena kwenye seva nyingi, huletwa sana kama hoja ya mwisho ya kuzima swapu. Kweli, kwa miaka mingi kubelet, wakala wake wa kila seva, ilikataa kuwaka ikikuta swapu. Tangu toleo 1.22 la mwaka 2021 wao wenyewe wakaanza kuifungulia mlango, taratibu.

Juzi kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliniletea tena lile swali, kuhusu seva ambayo SSD yake ilikuwa inachakaa kuliko tulivyotarajia. Alikuwa na uhakika mkosaji ni swapu. Tukafungua /proc/vmstat, tukasoma pswpout, idadi ya kurasa zilizotoka kwenda kwenye swapu: 9,412,606. Zidisha kwa kurasa za kilobaiti 4, unapata gigabaiti 38 na nusu, tangu seva iwashwe siku 211 zilizopita. Kisha tukaendesha iotop, amri inayoonyesha nani anaandika diskini, tukaiacha ikusanye. Dakika kumi baadaye jina lililokuwa juu ni la huduma moja ambayo mtu aliiwashia logi za kina wakati wa kutafuta hitilafu, akasahau kuzizima. Kwa siku moja ilikuwa inaandika zaidi ya gigabaiti 40. Aliyeiwasha, nikakumbuka wakati naisoma tarehe ya faili, ni mimi.