Huku wanaiba hoja, kwetu tunabeba watu

Mwenzangu kazini hapa Ujerumani ni mtu wa CDU, chama kikubwa cha kihafidhina, damu damu. Juzi, mapumziko yote, alinihubiria paneli za sola alizofunga juu ya paa, huku akiwaponda watu wa chama cha Kijani. (Siyo kijani yetu ile ya CCM, tulieni.) Nikacheka kimoyomoyo. Hayo mahubiri kayatoa wapi?

Kijani walipoanzisha chama mwaka 1980 kule Karlsruhe, walikuwa waandamanaji tu: wapinga nyuklia, wapinga makombora. Mwaka 1983 wakaingia Bungeni kwa asilimia 5.6, wakubwa wakawaona wahuni. Joschka Fischer aliapishwa uwaziri wa jimbo la Hessen akiwa na raba nyeupe miguuni. Wakatenga nusu ya nafasi kwa wanawake mwaka 1986; miaka miwili baadaye SPD, chama kikubwa cha mrengo wa kushoto, nao wakapitisha mgawo wao. Mwaka 2011, baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima kule Japani, Kansela Merkel wa CDU, aliyekuwa ametoka kuiongezea muda mitambo ya nyuklia, akageuka na kuamua ifungwe. Ya mwisho ilizimwa Aprili 2023. Na Kijani wako palepale, hawakuhitaji kadi ya CDU.

Kwetu Tanzania je? Mbunge wa upinzani anajiuzulu "kuunga mkono juhudi" za Rais, anabadili shati, anagombea jimbo lilelile kwa CCM. Hoja alizokuwa akizipigia kelele kaziacha mlangoni kama ndala.

Najua mtakavyonijibu: "Umepigwa na baridi, sasa unatudharau." Hata kidogo. CCM ikitaka, inajua sana kuiba hoja. Mwaka 2010 Dk. Slaa, mgombea urais wa Chadema, aliahidi elimu bure, akaambiwa haiwezekani. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza, na waliobeza wakaongoza makofi. Nilijivunia, nikakereka kwamba Slaa hatajwi.

Mwingine ataniuliza kuhusu AfD, chama cha hapa kinachopinga wahamiaji, ambao maneno yao juu ya wahamiaji sasa nayasikia hata kwa vyama vikubwa. Kweli kabisa, na mhamiaji mwenyewe ni mimi, ndugu yangu, siyo wewe. Lakini hoja mbovu naweza kubishana nayo. Mbunge aliyehama nibishane naye nini?

Ipo Katiba Mpya. Wapinzani waliidai, Rais Kikwete akaichukua, Tume ya Warioba ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni. Bunge Maalumu likanyofoa pendekezo la Tume la serikali tatu, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa. CCM, iibeni tena basi, yote safari hii. Wenyewe hawatawashtaki.