Rangi ya BBC2 ilitengenezwa mchana

Ukiikuta ratiba ya televisheni ya Uingereza ya mwaka 1970, jicho hukimbilia jioni, kwenye tamthilia, michezo na habari. Mimi naitazama zaidi ile nafasi tupu ya mchana. Siku ya kawaida ya kazi BBC2, chaneli ya pili ya shirika la BBC, ilifungua saa 5 asubuhi kwa Play School, kipindi cha watoto cha dakika ishirini hivi, kisha ikafunga hadi jioni. Serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiweka kikomo cha saa za matangazo, na kikomo hicho hakikuondolewa hadi Januari 1972. Wengi huona huo ulikuwa uchache wa vipindi tu. Naona bila mapengo hayo rangi ingechelewa sana kuingia sebuleni.

Maana mtambo wa kurushia matangazo haukuzimwa. Ulirusha Kadi ya Majaribio F, picha tuli ya kurekebishia seti, iliyoonekana hewani mara ya kwanza tarehe 2 Julai 1967, siku moja baada ya BBC2 kuanza rangi kwa tenisi ya Wimbledon. Ni picha ya msichana mwenye kikaragosi, mbele ya ubao. Walimchagua mtoto kwa sababu nguo na nywele za mtu mzima hupitwa na wakati haraka. Ile alama ya X ubaoni si mchezo wa watoto tu, bali ndiyo kitovu kamili cha picha. Katikati ya kadi na kadi ziliwekwa filamu fupi za rangi, nyingi zikiwa za kampuni za mafuta, pamoja na taarifa kwa mafundi kuhusu mitambo mipya na ile iliyopungua nguvu.

Fundi aliyepeleka seti kwa mteja alikuwa na kazi ya kutoa jasho. Kwanza seti iwekwe pale itakapokaa, kwa sababu hata usumaku wa dunia hupinda miale mitatu ya elektroni inayochora picha ndani ya tyubu, ile chupa ya kioo cha seti. Ukiigeuza baadaye, rangi zinahama. Kisha anachukua koili kubwa ya duara ya kuondoa usumaku, anaizungusha taratibu mbele ya kioo, na kurudi nayo nyuma hatua kadhaa kabla ya kuizima. Akiizimia karibu na kioo, anaacha madoa mabaya kuliko aliyoyakuta. Baada ya hapo anazima kijani na buluu, ibaki nyekundu peke yake. Kona ikiwa na doa la rangi nyingine, anazungusha pete za sumaku kwenye shingo ya tyubu mpaka nyekundu ienee sawasawa.

Balaa lilikuwa kuzikutanisha rangi tatu. Mistari myeupe ya kadi ikionyesha ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande mwingine, miale haijakutana. Marekebisho yalikuwa mengi, na ukigusa moja unavuruga jingine. Katikati hunyooka upesi. Kwenye kona, fundi mwenye busara alijua pa kuachia. Yote haya akiwa na mkono karibu na volti 25,000.

Mwisho ni kijivu. Wengi walikimbilia kitufe cha rangi wakalisahau hili, kisha filamu ya zamani ya nyeusi na nyeupe ilipoanza jioni, kila uso ukawa na wekundu au ukijani. Kijivu kikishakaa sawa, ndipo unaongeza rangi ukitazama ngozi ya yule msichana. Akionekana kama amepakwa nyanya, umezidisha.

Antena nayo ilikuwa na visa vyake. Masafa ya juu ya redio yaitwayo UHF, yaliyobeba picha za mistari 625, huzuiwa na kilima kirahisi kuliko yale ya zamani ya mistari 405. Ishara ikiwa dhaifu, seti hukata rangi yenyewe na kubaki nyeusi na nyeupe. Mteja hudhani kauziwa mbovu. Mfumo wa rangi wa PAL, huohuo uliofika Zanzibar miaka ya mwanzo ya 1970, hugeuza awamu (mkao wa mawimbi) ya sehemu ya ishara ya rangi kila mstari, halafu kifaa cha kioo huchelewesha mstari mmoja kwa mikrosekunde 64 ili makosa yafutane. Kifaa hicho kikikosewa marekebisho, picha hujaa mistari milalo kama pazia la vibao.

Jioni ndipo malipo ya kazi hiyo yalipoonekana. Pot Black, mashindano ya snuka yaliyoanza Julai 1969, hayakuwa na maana kubwa kwa asiyeweza kutofautisha mpira wa kijani na wa kahawia. BBC1 na ITV, chaneli ya biashara, zilipoingia kwenye rangi tarehe 15 Novemba 1969, mahitaji ya mafundi yalizidi.

Agosti 1973 filamu za mchana zilikoma. Kadi ilibaki, lakini vipindi vilizidi kuimega nafasi yake, na fundi aliyefika saa 8 mchana alipaswa kuja na kijenereta chake cha mistari, kifaa cha kutoa picha ya kurekebishia, kwenye begi.