Neno "Mlevi" Lina Namba Tatu

Ukimwambia jirani yako kwenye daladala ya Mbagala kwamba unafanya kazi ya kodi, anageukia dirishani haraka, anajua umekuja kumdai risiti. Mwambie ni kodi za magonjwa, ndiyo kabisa: kumbe siku hizi hata malaria inatozwa! Basi acha tu. Kazi yenyewe ni kukaa chumba cha kumbukumbu, feni imekata roho, unasoma mwandiko wa daktari na kugeuza ugonjwa kuwa kodi, yaani namba ya ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ili mfuko wa bima ulipe na takwimu za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, zisomeke. Na hakuna kinachokausha mate kama faili la arosto ya pombe, ile hali ya mwili kudai pombe iliyokatizwa.

Kwanza hilo neno. Unafungua faili, utambuzi: "Mlevi." Nukta. Jamani, mlevi yupi? Aliyelewa sasa hivi, ananuka mpaka mapokezi, ni F10.0. Ambaye pombe imeshamharibu ini au akili ni F10.1. Ambaye ameshakuwa mtumwa wake, anazimua kabla hajapiga mswaki, ni F10.2. Neno moja, namba tatu, na aliyelala kitandani shida yake ya leo haimo hata katika moja, kwa sababu hakulazwa kwa kunywa. Kalazwa kwa kutokunywa. Huyo ni F10.3. Akichanganyikiwa, hajui yuko wapi, anafukuza siafu kwenye shuka, ni F10.4. Akipata degedege unaongeza tarakimu: F10.31, au F10.41 kama na akili imeruka. Yote hayo daktari kayafunga kwenye herufi tano.

Halafu saa. Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. Mgonjwa anasema glasi ya mwisho ilikuwa saa mbili usiku, yaani 20:00. Mwandishi wa zamu, macho mazito, anaona "saa mbili" na anaandika 02:00. Mgonjwa kafikishwa saa kumi na moja alfajiri. Kweli ni saa tisa bila pombe. Faili linasema tatu. Degedege ya arosto huja zaidi kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho. Kwa hiyo faili linasema bado mapema, apewe benchi la korido asubiri, wakati mwili wake umeshaingia saa za hatari. Akidondoka kwenye benchi, wote wanashangaa. Andika 20:00, andika na tarehe, maana "jana" ya mtu aliyelala saa nane za usiku haijulikani ni jana ipi.

Kiasi nacho ni vituko. "Kidogo tu, dokta." Kidogo ni nini? Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi chenyewe, kwa hiyo "kidogo" cha bia kumi kwa siku ni gramu 200. Gongo huwezi kuipigia hesabu, nguvu yake anaijua aliyeipika, tena siku nyingine hata yeye haijui. Andika chombo: chupa ya maji ya nusu lita, mbili kila siku, miaka sita. Mgonjwa akijibu mkewe akiwa pembeni, chupa zinapungua. Mke akijibu mwenyewe, zinaongezeka. Andika zote mbili, na nani kasema nini.

Anayetetemeka na kutoka jasho Dar es Salaam hii ana malaria mpaka athibitishe vinginevyo. Kipimo kimetoka hasi, bado faili linasema malaria. Akidondoka, inaongezwa kifafa, G40, anaondoka na dawa za kifafa za kumeza kila siku na karatasi itakayomkosesha hata udereva wa bajaji. Kumbe aliishiwa hela ya kunywa tangu Jumatano.

Lakini mfalme wa mafaili ni mvunjika mguu. Bodaboda, Ijumaa usiku, kalazwa, mguu umefungwa vizuri, hakuna aliyemuuliza kuhusu pombe kwa sababu mguu haunywi. Jumatatu, siku ya tatu, anaongea na dari, mapigo ya moyo yanakimbia, ndugu wanasema karogwa. Nesi kaandika "msumbufu". Kachomwa diazepam ya kumtuliza, kapewa thiamine, yaani vitamini B1, tena kabla ya dripu ya sukari kama inavyotakiwa, maana sukari bila thiamine inaweza kumsukumia kwenye Wernicke, ugonjwa wa ubongo wa kukosa vitamini hiyo, E51.2. Tiba safi! Utambuzi kwenye fomu ya madai: mguu uliovunjika, basi. Bima wanarudisha: diazepam ya mguu ni ipi hiyo?

Kuna kipimo cha CIWA-Ar, cha kupima ukali wa arosto ya pombe kwa alama. Wanakitamka siwa, mtu wa pwani anafikiria lile baragumu la Pate. Vipengele 10, jumla ya juu 67. Kila kipengele mwisho 7 isipokuwa kujua tarehe na mahali, mwisho 4. Kutetemeka kunapimwa mikono imenyooshwa, vidole vimetanuliwa, si kwa kuchungulia kutoka mlangoni. Zaidi ya 15 mambo ni mazito. Kwenye chati utakuta 18, 18, 18, 18, pamoja na saa ile mgonjwa alikuwa eksirei. Na hata hiyo 18 iwe ya kweli, mtu wa kumbukumbu haruhusiwi kuigeuza F10.3 kwa akili yake. Jina la ugonjwa aandike daktari.

Wajanja wanapekua intaneti wanakuja na F10.231. Hiyo ni ya Marekani, wana toleo lao la ICD-10. Ukiiingiza kwenye mfumo unaofuata la WHO, ikikatwa mkia inabaki F10.23, ambayo maana yake mgonjwa ameacha pombe na yuko kwenye dawa za kumfanya aichukie. Yule wa siafu! ICD-11 nayo ipo tangu Januari 2022, arosto ni 6C40.4, yenye degedege 6C40.42, inasomeka kama namba ya pikipiki.

Dawa yake ni kurudisha faili wodini na swali lisilomtilia daktari maneno mdomoni: "Tarehe 4 mgonjwa alitetemeka, alichanganyikiwa, alipewa diazepam na thiamine. Tafadhali fafanua utambuzi." Unapanda ngazi, lifti haifanyi kazi. Daktari yuko zamu nyingine. Siku ya nne faili linashuka, limesainiwa, lina muhuri, na jibu kwa wino mwekundu: "Kama ilivyoandikwa hapo juu."

Hapo juu pameandikwa "Mlevi."