Mama Mdogo Hakuwa Akiota

Jumamosi tulikuwa Ujiji kwa mama mdogo, tumekaa uani tunasubiri ugali, naye akaanza tena kisa chake cha kupasuliwa kidole tumbo. Ukoo mzima unakijua. Amelala tiata, jicho halifumbuki, na juu ya kichwa chake sauti ya mwanamume inalalamika kwamba mgebuka wa Kibirizi siku hizi bila mshahara wa mbunge humli. Akifika hapo watu huangua kicheko, na yeye hucheka nao. Safari hii binamu yangu, mwaka wa pili chuo cha afya na tayari ana kalamu tatu mfukoni, akamkatiza: "Shangazi, ulikuwa unaota. Aliyepigwa nusu kaputi hasikii kitu."

Mama mdogo akanyamaza. Akainuka kwenda kugeuza samaki aliyekwisha kugeuzwa.

Usiku huo sikulala vizuri, na sababu haikuwa dagaa.

Tuanze na neno lenyewe. Kaputi tuliachiwa na Wajerumani, hao hao walioifikisha reli Kigoma mwaka 1914. Kwao ni kitu kuharibika, kwetu ikawa kufa. Kwa hiyo nusu kaputi ni kufa nusu, na wazee waliolibandika jina hilo walishaelewa ambacho kalamu tatu hazijaelewa: kama ni nusu, lazima awepo mtu wa kuipima. Ikipungua, mgonjwa anarudi ukumbini wakati kisu bado kinafanya kazi. Ikizidi, presha inaporomoka na ile nusu ya pili inafuata.

Enzi za etha, ule mvuke wa zamani wa kulaza watu, mgonjwa aliyeanza kuzinduka alijitangaza mwenyewe, maana alirusha miguu. Mwaka 1942 kule Montreal wakaanza kutumia kurare, sumu ya mishale, kulegeza misuli ili daktari afanye kazi kwa nafasi. Dawa za ukoo huo zimeokoa watu wengi mno. Lakini hazilazi mtu, zinamfunga tu. Aliyelegezwa misuli akiamka hawezi kutingisha hata kidole, na hata kupumua anapumuliwa. Anayemlinda amebaki kutazama mapigo ya moyo, presha, jasho na machozi, na vyote hivyo vinaweza kumdanganya. Kuna dawa za presha ambazo huyatuliza mapigo hata kama ndani mtu anapiga yowe.

Najua mtakachosema: tununuliwe mashine. Ile inayobandikwa kipajini, inasoma umeme wa ubongo na kutoa namba kati ya 0 na 100, na wanataka mgonjwa akae kati ya 40 na 60. Haya, ni kitu kizuri, hasa kwa anayelazwa kwa dawa ya mshipa peke yake, kwa sababu hapo hakuna mvuke wa dawa wa kuupima kwenye pumzi. Ila stika yake ni ya mgonjwa mmoja kisha inatupwa, na ukimpa mtu ketamini, dawa ya usingizi na mkombozi wetu wa huku, namba inaweza kubaki juu naye amelala fofofo. Majaribio makubwa yaliyochapishwa Marekani mwaka 2008 na 2011 hayakuiona ikikishinda kipimo cha mvuke chenye kengele. Sigombani na mashine. Ikija, karibu, tutaipokea kwa ngoma.

Ninachogombania hakina stika. Mwaka 1970 madaktari fulani wa Uingereza waliandika maswali machache ya kumuuliza mtu baada ya upasuaji. Kitu gani cha mwisho unakikumbuka kabla ya kulala? Cha kwanza ulipoamka? Katikati ya hapo je? Uliota? Kipi kilikusumbua zaidi? Basi. Unayauliza wodini huku unatazama kidonda, na chai yako haijapoa.

Sasa tazameni hesabu hii. Uingereza na Ireland walifanya uchunguzi wa nchi nzima, wakatoa matokeo mwaka 2014. Walihesabu wagonjwa waliojitokeza wenyewe kusema kwamba walizinduka tiata, wakapata takriban mmoja katika kila 19,000. Kwa wajawazito waliozalishwa kwa kisu wakiwa wamelazwa kabisa, mmoja kati ya 670 hivi. Lakini tafiti zilizowafuata wagonjwa na kuwauliza yale maswali zimekuwa zikipata mmoja au wawili katika kila 1,000. Dawa zile zile, ubongo ule ule! Mwenye kuulizwa anasema, asiyeulizwa anakwenda nalo nyumbani. Kama Mwingereza, mwenye fomu za malalamiko za kila rangi, anameza, mnategemea mama wa Ujiji, aliyetoka hospitali akimwombea daktari dua, arudi kumwambia "baba, nilikusikia"? Angeanzia wapi? Na alipojaribu, maana alijaribu, sista wa wodi ile (hospitali siitaji) alimpa Panadol na kumwambia apumzike.

Sawa, wapo wanaoota kweli. Ketamini huleta mauzauza yake. Aliyechomwa sindano ya mgongo kusikia maongezi ni jambo la kawaida, msinijazie ujumbe. Wataalamu wa usingizi ni wachache na wamechoka. Na kidole tumbo cha mama mdogo kilikuwa kimepasuka, presha iko chini, pengine dozi ilipunguzwa makusudi ili abaki hai. Nakubali, kwa shingo upande. Basi aambiwe! Dakika tano tu: mama, hali yako ilikuwa mbaya, tulikulaza kwa wepesi, uliyoyasikia uliyasikia, pole.

Hakuambiwa. Sasa kovu limefanya ngiri, na hataki kusikia habari za tiata. Binamu anasema shangazi ni mbishi.

Jumapili, binamu akiwa ameshaondoka, nilimkuta mama mdogo anachambua mchele. Nikamuuliza yale maswali kama yalivyo. La mwisho analolikumbuka? Harufu ya mpira, na sista aliyemshika kidevu. La kwanza alipoamka? Kiu. Katikati ya hapo je? Nilitegemea mgebuka. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, matatu, manne, ndipo akasema habari ya samaki huwa anaisimulia kwa sababu watu wanaipenda.

"Nilijua nimekufa, mwanangu. Nikasema kumbe wafu wanasikia. Nikaanza kuwaita wanangu kwa majina, nikianza na kifungua mimba. Nilikuwa sijafika kwa wa nne."